Cherehani Yako Imeruka, Shangazi

Nyumba ya Sita, Mstari wa Nyuma,
Makazi ya Wanafunzi Wenye Ndoa,
Kambi ya Jeshi la Anga.

Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani, maana ndivyo ulivyonilea: salamu haiachwi ikining'inia. Goti lako la kushoto linasemaje? Ulisema kwenye simu kwamba baridi ya huko inapenya mpaka mifupani na daktari amekupa dawa ya kuchua. Jichue kweli, tafadhali, usiiweke kabatini kama pambo. Na wale wazee unaowatunza hawajambo? Yule bibi anayekataa kula mpaka umwimbie, bado anakataa?

Sisi wawili ni wazima kabisa. Kila nikiandika maneno hayo, sisi wawili, kalamu inasimama kidogo ili nicheke. Huu ni mwezi wa tano wa ndoa na bado nashtuka nikiona buti za mwanamume mlangoni, zimepangwa sambamba kama watoto wa shule mstarini. Halafu nakumbuka kwamba mwenye buti ni wangu. Wangu, Shangazi! Waliotutangulia walisema mapenzi ni kikohozi, na mimi nakohoa mtaa mzima unasikia. Uliniita Chiriku nikiwa mdogo kwa sababu ya domo langu, basi nivumilie, barua hii itakuwa ndefu.

Kwanza nikushukuru kwa zawadi ya harusi. Cherehani ilifika salama, haikukwaruzwa popote, na gurudumu lake linazunguka kama lilivyozunguka sebuleni kwako nilipokuwa najifunza kukunja mapindo ya mapazia. Nimeiweka chumba cha mbele, chini ya dirisha linalotazama uzio. Nyumba hizi ni vyumba viwili na jiko, kuta rangi ya maziwa, sakafu ya saruji inayong'aa nikiipiga deki. Napunguza viuno vya suruali za maofisa, narefusha mikono ya mashati, na jirani yangu, mke wa fundi wa injini, ananitangaza kambi nzima kwa hiari yake. Kile kiti cha mbao kilichokuja na cherehani kina habari zake. Nitafika huko.

Sasa nijibu barua yako, maana nimekaa nayo mpaka mikunjo imelegea. Uliandika kwamba mtu hasomi mpaka shahada ya uzamivu, akaota mvi mbili kabla ya miaka thelathini, halafu akaenda kupigiwa kelele na watu aliowazidi madarasa. Uliandika kwamba chuo kikuu kinamtaka awe mhadhiri, kwamba wahadhiri hufa wazee vitandani mwao, na kwamba bi harusi mwenye akili huitumia asali ya fungate kabla haijaganda. "Mshushe chini, Chiriku, ungali mpya." Ndivyo ulivyomalizia. Nami nilikupigia simu nikakujibu kwamba nitamshusha. Kwa hiyo ni haki yako kujua kilichotokea.

Nilianza siku ile ile. Nikapika, nikavaa gauni la kijani analolipenda, nikamngoja ashibe, maana tumbo likijaa masikio hufunguka. Nikasema kwa sauti ya kudondoka kama asali kwamba eti mhadhiri anavaa shati safi, anarudi nyumbani mchana, na hapigishwi kwata. Akanitazama, akacheka, akauliza Shangazi ameandika lini. Nikajifanya hamnazo. Akaniambia gauni limenipendeza hata hivyo.

Kusema kweli, mpaka wakati huo sikujua hasa alisomea nini. Watu wakiniuliza nilisema "mambo ya ndege" nikabadilisha mazungumzo. Basi wiki ile ile tulipanda teksi kutoka mjini, akateremsha kioo, akaniambia nitoe mkono nje, kiganja kikitazama barabara. Nikauinua upande wa kidole gumba kidogo tu, mkono ukapanda wenyewe. Nikauinua zaidi, ukapanda zaidi. Nikauinua mno, ukaanguka na kupiga mlango, pwaa! Dereva akasema kama tunataka kuvunjana mikono tumlipe kwanza.

"Ndiyo hiyo," mume wangu akasema, macho yamemwaka. "Hewa ilikuwa imekubeba. Ukaitaka zaidi ya uwezo wake, ikakuachia." Shangazi, ametumia miaka minne kuichunguza ile nukta moja, pale hewa inapoliachia bawa. Ameijazia tasnifu ya kurasa mia tatu na kitu, yenye michoro inayofanana na nywele zilizochanwa. Aliniambia, "Nimeandika kurasa zote hizo kuhusu chumvi na sijawahi kuilamba." Anataka kuwa mtu anayeandika kwa mkono mmoja na kurusha kwa mkono wa pili. Jeshini kuna kazi ya namna hiyo: ndege ikishatengenezwa au kubadilishwa kitu, lazima apande mtu anayeweza kuirusha na pia kueleza kwa nini imefanya ilivyofanya. Watu wa hivyo ni wachache, na hakuna pengine palipokubali kumfundisha kuruka bure kutoka mwanzo.

Nilimwuliza pia lile ambalo wewe hukuliandika lakini nililisoma katikati ya mistari. Nilimwuliza, je, wakikutuma vitani? Alikuwa anapiga pasi shati lake, maana hapendi nimpigie. Akaisimamisha pasi. Akasema, "Nimekula kiapo, mke wangu. Siwezi kukwambia zile ndege zilitengenezwa kubebea maua. Nikitumwa nitakwenda, na kila siku naomba nisije kutumwa kwa jambo la aibu." Nikaenda jikoni, nikafungulia bomba ili nilie bila kusikika. Jibu lile halikuniridhisha, na mpaka leo halijaniridhisha. Lakini hakunidanganya, na nimeona wanawake wengi wanaoishi na majibu matamu yasiyo na ukweli ndani yake.

Nikuchekeshe kidogo. Darasani kwao wote ni vijana waliomaliza shule juzi, ndevu zao bado zinaomba ruhusa ya kuota. Mume wangu wanamwita Profesa. Wakichelewa kula wanasema, "Profesa, tuhesabie ubwabwa unapoa kwa kasi gani." Wakishindwa hesabu za mafuta wanakuja hapa nyumbani na madaftari, wanakaa sakafuni wanamaliza chai yangu, wananiita Mama Profesa, mimi niliyeishia kidato cha nne! Lakini wakipanda ndege, Shangazi, wale watoto wanaruka kama mbayuwayu. Wao hawajui ni mambo gani yanaweza kuharibika. Profesa wangu anayajua yote, tena kwa majina.

Mkufunzi wao ni ofisa mfupi mwenye kifua kama kasha, na sauti yake husikika kabla yeye mwenyewe hajafika. Wanafunzi wamempa jina la Bwana Tena, kwa sababu ukitua vibaya anasema "Tena!", na ukitua vizuri anasema "Tena!" ili ajue kama hukubahatisha. Hacheki. Suruali zake nazishona mimi, na hata vipimo vya kiuno huvitoa kama amri.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Mwezi uliopita ulikuwa mtihani wa kuruka, ule unaoamua nani atabaki na nani atarudishwa. Bwana Tena alikaa nyuma, mume wangu mbele. Wakafika juu, hali shwari, na ghafla Bwana Tena akaipunguza nguvu injini mpaka ikawa kama imekufa, bila kusema neno. Ndivyo wanavyopimwa. Ndege yenyewe haianguki kama jiwe, inaweza kuteleza chini polepole kama karatasi, mradi rubani asukume usukani mbele na kuielekeza pua chini. Akishasukuma ndipo achague uwanja wa kutua, ndipo ahangaike na injini. Akivuta, pua inapanda, mwendo unaisha, na hewa inaliachia bawa. Ni kama mkono wangu kwenye teksi.

Mume wangu alivuta.

Yeye! Aliyeandika kitabu kizima cha kuwaambia watu wasivute! Ndege ikatetemeka, Bwana Tena akaushika usukani akaiokoa, wakashuka. Alirudi nyumbani saa za chakula cha mchana, akakaa kwenye kiti cha cherehani na buti zake miguuni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akautazama mkono wake wa kulia kama anayemtazama mgeni aliyeiba kijiko. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa najua mpaka sekunde yenyewe. Mkono haukuniuliza." Bwana Tena alikuwa amemwambia neno moja tu walipofika chini, kwamba kutoka kichwani kwake mpaka mkononi kuna safari ndefu kuliko kwa wengine, kwa sababu njiani kuna vituo vingi. Atapimwa mara ya pili baada ya wiki tatu. Akivuta tena, avue ovaroli ya rubani na kwenda kukaa ofisi ya vipimo.

Na kama vile mambo yamepangwa, kesho yake simu ikalia. Mkuu wa idara wa chuo kikuu. Nafasi ya mhadhiri bado ipo, wanamsubiri mpaka mwisho wa mwezi, nyumba ya chuo ina bustani. Mume wangu akashukuru kwa adabu, akasema atafikiri. Mimi nilikuwa nakoroga chungu. Nitakueleza kama nilivyokueleza mambo yote tangu utotoni: nilitabasamu, Shangazi. Niliinama juu ya mvuke ili asinione. Ulichoniagiza kilikuwa kimeingia chenyewe mlangoni, kimekaa, kinaningoja nikikaribishe.

Jioni zile akaanza kufanya mazoezi ambayo marubani wote hufanya, ya kuruka wakiwa wamekaa chini. Unakaa kitini, unafumba macho, unaipitia safari nzima kwa mikono na kwa sauti. Kiti chako cha mbao kikawa kiti cha rubani. Mwiko wangu mkubwa akaushika kati ya magoti ukawa usukani. Futi yangu ya kupimia nguo ikawa mkanda, ameifunga kiunoni. Na miguu, Shangazi, miguu ameiweka juu ya kanyagio la cherehani yako! Ndege huelekezwa pia kwa miguu, na lile kanyagio likawa linapanda na kushuka, gurudumu linazunguka, sindano inachoma hewa, na mwanamume mwenye shahada ya uzamivu amefumba macho anaomba mnara ruhusa ya kupaa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamtazama uso na kicheko kikakatika. Alikuwa anatoka jasho.

Akaniomba nikae nyuma yake niwe Bwana Tena. Kazi yangu ilikuwa kusema "injini imezimika" wakati asioutarajia. Nikakubali, lakini nikawa nasema kwa upole, kama mtu anayemwamsha mtoto, tena nasema palepale kila mara, akishamaliza kupaa. Alikuwa anajua linakuja, kwa hiyo mkono ulisukuma mbele vizuri. Siku moja nikakosea, nikasema mapema, na nikauona ule mwiko kwa macho yangu ukija tumboni kwake. Alivuta. Nikajifanya sikuona.

Siku ya tatu akafumbua macho katikati ya safari. Hakugeuka. Akasema, "Unanionea huruma."

"Ndiyo," nikasema.

"Bwana Tena hatanionea. Na injini ikifa kweli, hewa haitanionea." Kanyagio likasimama. "Mke wangu, kama hutaki nirudi juu, niambie hapa hapa. Sitakasirika. Kesho nitampigia mkuu wa idara na nitakuwa mhadhiri mzuri. Lakini usinifundishe nusu."

Shangazi, lilikuwa neno moja tu, na hata gauni la kijani halikuhitajika. Nililiona limekaa kwenye ulimi. Niliona ile bustani, nikaona shati safi, nikamwona amezeeka kitandani mwake kama ulivyotaka. Nikaitazama shingo yake kwa nyuma, pale kinyozi wa kambi anapomkata vibaya kila wiki, na futi yangu ya kushonea kiunoni, amejifunga na yuko tayari. Nikajua angekuwa mhadhiri mzuri kweli. Na nikajua kila ndege ikipita juu ya ile bustani angeacha kusikia ninachosema.

Nikasema, "Kaa vizuri. Kaza mkanda."

Kuanzia hapo sikumwonea huruma hata chembe. Nilimvizia. Anapiga mswaki: "Injini imezimika!" Anafunga kamba za viatu: "Injini!" Dukani, ameshika mfuko wa mayai, nikamwita hivyo mbele ya watu, mkono ukaenda mbele na mayai yote, muuza duka akayadaka. Tukaambiwa tukagombane nyumbani. Mwanzoni mkono ulivuta kwanza kisha ukasukuma. Halafu ukawa unasita. Halafu siku moja amelala kwenye mkeka mchana, amechoka, nikamwinamia sikioni, na mkono ukasukuma mbele kabla macho hayajafumbuka. Nilimbusu hapo hapo, wewe usisome sentensi hii kwa sauti.

Katikati ya wiki hizo akaja mama mkwe kututembelea. Tuko mezani, chai imemiminwa, mazungumzo ya heshima, nami nikasahau kwamba kuna mgeni. "Injini imezimika!" Mume wangu akasukuma kikombe mbele, chai yote ikamwendea mama yake kwenye kitenge. Mama mkwe akasimama. "Hivi nyie wawili mko wazima?" Tukaeleza tukipokezana, huku tunafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Kisha akauliza, "Na mtu asiposukuma?" Mwanawe akamwambia. Akakaa, akaomba chai nyingine. Nikajua nimeharibu, ataondoka akinisema ukoo mzima.

Asubuhi yake mume wangu yuko bafuni ananyoa ndevu. Nikasikia sauti, si yangu: "Injini!" Nikatoka mbio. Mama mkwe amesimama nje ya mlango wa bafu, mikono kiunoni. Mlango ukafunguka, mwanawe ametoka na povu nusu uso, wembe umenyooshwa mbele yake kama anayeelekeza njia.

"Mkono umekwenda wapi?"

"Mbele, Mama."

"Basi nyoa."

Tangu siku hiyo nampenda yule mama kuliko nilivyopanga.

Nilikuwa nafikiri sana nikiwa nashona. Mwili wa mtu haujui mambo ya ndege. Unajua tu kwamba kinachoanguka hudakwa, na kinachokwenda huvutwa. Hofu ikiingia, mkono unavuta. Wako ulivuta ukaandika barua ile, wangu ulivuta nikavaa gauni la kijani, na tulivuta kwa mapenzi matupu, hakuna wa kutulaumu. Lakini mume wangu alivuta kwa kupenda kubaki juu, na hiyo ndiyo ingemwangusha. Kila nilipotamka "injini imezimika" ilinibidi kwanza niione imezimika kweli, na yeye yuko ndani. Nilikuwa naogopa mara kumi kwa siku, kwa makusudi, na kila mara nilikuwa nausukuma mkono wake umpeleke mbali nami. Hakuna aliyenifundisha kwamba hiyo nayo ni kazi ya mke.

Siku ya mtihani sikwenda uzioni. Jirani aliniita, nikasema nina kazi. Nilikuwa nashona suruali ya Bwana Tena mwenyewe, naunganisha mshono wa pembeni, miguu kwenye kanyagio, dirisha wazi. Ndege ikapaa. Ikazunguka, sauti ikaja juu ya nyumba kama nyuki ndani ya kopo. Kisha ikanyamaza.

Sikujua kama ni yake. Zilikuwa nyingi asubuhi ile. Nilijua tu kwamba mkono wangu wa kulia umesukuma mbele. Umesukuma wenyewe, na kitambaa chote kikaenda nao, sindano ikakimbia tititititi mpaka ikavuka mfuko, na mimi nimefumba macho nasema "sukuma, baba, sukuma" katika chumba kisicho na mtu. Ule ukimya ulikuwa mrefu. Jirani alikuwa nje na beseni lake la nguo, naye alikuwa amenyamaza. Halafu injini ikakohoa, ikaunguruma, ikapanda.

Jirani akaniambia kupitia dirishani, "Huyo alishuka chini kama anaweka mtoto kitandani."

Alirudi adhuhuri. Akavua buti, akazipanga sambamba. Nikajua. Alinishika mkono wa kulia akaubusu kiganjani, tukabaki hivyo mlangoni kama mafala, mlango wazi, watu wanapita. Kisha akanisimulia. Bwana Tena aliikata injini mahali pabaya kuliko mara ya kwanza. Mkono ukaenda mbele. Akachagua uwanja, akateleza, akafika chini kiasi cha kuona ng'ombe wakigeuza vichwa, ndipo akarudishiwa injini. Wakatua, Bwana Tena akashuka wa kwanza. Wanafunzi wote walikuwa wanasubiri neno lake lile. Halikuja. Alisema, "Sasa ingia darasani, Profesa, uwaeleze hawa watoto kwa nini. Mimi nimewafundisha kusukuma, lakini sababu yenyewe sijawahi kuieleza vizuri." Basi mume wangu akasimama mbele ya darasa na ovaroli yenye jasho, akawasha feni, akawanyoosha mikono mmoja mmoja mbele ya feni. Wanasema hakuna aliyesinzia. Kurasa zake mia tatu nazo zikapata kazi siku hiyo hiyo.

Na alasiri Bwana Tena akaja kuchukua suruali. Nilikuwa nimesahau kabisa! Akaipokea, akaikagua, akatia mkono mfukoni ukagoma kuingia. Nilikuwa nimeushona mfuko wote ukafungwa. Nikamweleza ukweli, ndege iliponyamaza, mkono, sindano, kila kitu, nikingoja nipigiwe kelele. Akautazama ule mshono uliokimbia. Akanitazama mimi, kisha cherehani, kisha mwiko uliokuwa bado juu ya kiti. Midomo ikamcheza, naapa ilimcheza. Akanirudishia suruali.

"Tena," akasema, akaenda zake.

Mume wangu amempigia mkuu wa idara, amekataa nafasi kwa adabu. Mzee wa watu hakukasirika. Amemwomba siku moja aje kuwapa wanafunzi wake mhadhara, avae ovaroli.

Jumamosi ijayo atavishwa mabawa. Ni nembo ndogo ya nyuzi, pana kama kiganja cha mtoto, hukaa juu ya mfuko wa kushoto. Wengine watawapelekea mafundi wa mjini. Ya kwake iko hapa mezani ninapoandika, nitaishona leo jioni kwa cherehani yako, kwa ule mshono mdogo wa kurudia ulionifundisha, usiofumuka. Uliniagiza nimshushe chini, Shangazi. Nimeshindwa. Na ukitafuta nani alimpandisha, utanikuta mimi nyuma ya kiti, mama mkwe mlangoni mwa bafu, na wewe mwenyewe chini ya miguu yake.

Najua utaogopa. Mimi pia naogopa, kila asubuhi, nikisikia ya kwanza ikipaa. Ila sasa najua mkono unatakiwa uende wapi. Usivute, Shangazi. Ruhusa najua huitoi, basi nitumie baraka tu. Ziandike kwa mkono wako, nitamsomea hata zikifika baada ya Jumamosi.

Mume wangu anakusalimu, anasema kiti chako ni kigumu kuliko cha ndege. Mama mkwe anauliza kama na wewe unajua kupiga kelele. Msalimie Mjomba ukimpigia simu, wape wale binamu zangu pacha mabusu mawili kila mmoja, na yule bibi asiyekula mwimbie wimbo mmoja kwa niaba yangu.

Mungu akulinde huko uliko, goti lako lipate nafuu, na kila unayempenda arudi nyumbani avue buti zake mlangoni.

Ni mimi, mtoto wa mikono yako, wako akupendaye daima,

Chiriku